Kiatu cha Mstari wa Arobaini

Nimeendesha maili mia mbili, bado nanuka maziwa ya lori,
nikalipia kiti cha safu ya mwisho, juu kabisa,
maana sauti hupanda, na aliyekaa chini
huona nyuso tu, haoni umbo.
Hayo niliyajua nikiwa na miaka ishirini na mmoja,
tuba begani, msimu wangu wa mwisho kuruhusiwa.
Kesho yake nilikuwa mzee.

Wausau, Wisconsin. Mvua imepiga dakika arobaini
ikatuachia uwanja. Benchi zinameta.
Bi Delphine Kuczek anafuta yake kwa taulo,
kisha anafuta yangu bila kuniuliza.
Ana sindano za kufuma na soksi ya kitukuu.
"Huwa nafuma wakipiga vibaya," ananieleza.
Kufikia kundi la tatu amevuka kisigino.

Halafu wanaingia Vipanga wa Mto Plover,
mia moja hamsini na wanne, hakuna anayekohoa.
Ngoma za waya zinaanza chini chini:
mchele unapepetwa,
mchele, mchele, sasa changarawe,
sasa lori zima la changarawe linamwagwa
na, pwaa!, matarumbeta yanatugeukia
na kofia yangu inaruka, inapita ukingo,
inaangukia huko nyuma kwenye magari.
Labda ulikuwa upepo wa mvua.
Sitaki kujua.

Sindano za Bi Delphine zimesimama.

Ndipo tope likambana mmoja wao,
msichana mdogo chini ya tuba kubwa,
akirudi kinyumenyume kwa ncha za vidole.
Mguu ulitoka. Kiatu kikabaki
wima, cheusi, juu ya mstari wa arobaini,
kama kinangoja basi.
Safu ikakijia, ikafunguka, ikajifunga,
hakuna aliyekikanyaga.
Bunduki za mbao zikapaa juu yake, mizunguko sita,
zikadakwa zote kwa mlio mmoja.
Jaji akainama, akakinong'onea kinasa sauti chake.

Na yeye? Soksi nyeupe, kisha ya kijani,
kisha sikuona tena rangi.
Hakukosa hatua hata moja. Ila ile ya kushoto
ilikuwa ikitua mapema kidogo,
kidogo mno, kama mtu anayepima kina cha maji gizani.
Nadhani niliona mimi peke yangu,
bega langu likauma.

Nilisimama kabla hawajamaliza. Nilipiga ukelele,
sijui neno gani.
Bi Delphine alinishika mkono wa shati, nisiporomoke
au yeye asiporomoke.

Themanini na sita nukta mbili tano.
Wa kwanza: themanini na sita nukta tatu.
Watu wakaguna. Bi Delphine akapiga hesabu kwa midomo.
"Sifuri nukta sifuri tano," akasema.
"Hiyo ni soksi."

Nilikikuta kiatu kwenye uzio, mtu amekitundika.
Nikakipeleka kwenye mabasi, walikokuwa wakila
mikate yenye siagi ya karanga, wamesimama, jasho halijakauka.
"Pahoua! Pahoua Lor! Kiatu chako kimekuja na mzee!"
Akaja peku, akacheka, akakikung'uta tope.
Nilitaka kumwambia miaka thelathini na saba.
Nilitaka kumwambia kuhusu bega.
Nikasema, "Kamba ufunge mara mbili."
"Nilifunga mara mbili."
"Basi tatu."
Akaitikia kwa heshima, kama anavyomwitikia mkufunzi,
akarudi kwenye mkate wake. Kesho wana Rockford,
na usiku huu ni kulala sakafuni kwenye basi.

Kofia sikuiona. Nimetafuta hata chini ya magari.
Nimerudi bila muziki redioni, kichwa wazi,
taa za mashamba zikinipita moja moja,
na kila nilipobadilisha gia
mguu wa kushoto ulikuwa unatua kwenye klachi
mapema kidogo.